Namna ya Kupima na Kutambua Uzito Uliozidi na Unene Uliokithiri kwa Vijana Balehe Shuleni

Mvulana wa miaka 10 ambaye uwiano wake wa uzito na urefu (BMI) ni 22, akisomwa kwenye jedwali la watu wazima, ataambiwa uzito wake ni wa kawaida, kwa kuwa yumo kati ya 18.5 na 25. Mvulana huyohuyo akisomwa kwenye jedwali la umri wake la Shirika la Afya Duniani (WHO), atahesabiwa kuwa na unene uliokithiri, kwa kuwa mpaka wa hali hiyo kwa mvulana wa miaka 10 kamili ni 21.4. Kosa la kumpima mtoto kwa kigezo cha mtu mzima ni la kawaida mno katika taarifa za afya za shule, nalo huwaficha watoto walewale ambao upimaji ulikusudiwa kuwatafuta. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya walimu wa afya, wauguzi wanaotembelea shule, na wanafunzi wa vyuo wanaokusanya takwimu za vijana wa miaka 10 hadi 19.

Kinachopimwa na kinachokisiwa

Unene uliokithiri maana yake ni mafuta yaliyozidi mwilini kiasi cha kuweza kudhuru afya. Hata hivyo, shuleni hatupimi mafuta. Tunapima uzito na urefu, tunaandika umri na jinsia, kisha tunakisia hali ya mafuta kutokana na hivyo vinne. Uwiano unaotumika, ambao wengi wanaujua kwa herufi BMI, hupatikana kwa kuchukua uzito kwa kilo na kuugawanya kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa urefu huohuo. Mbelgiji Adolphe Quetelet ndiye aliyeuonyesha uhusiano huo katika miaka ya 1830, na Mmarekani Ancel Keys ndiye aliyeupa jina linalotumika leo, mwaka 1972.

Kwa mtu mzima, mpaka mmoja unatosha kwa sababu urefu wake hauongezeki tena. Mtoto yuko safarini. Uwiano wake hushuka baada ya uchanga, hufika chini kabisa karibu na miaka 5 au 6, kisha huanza kupanda hadi utu uzima. Wasichana huingia balehe mapema kuliko wavulana, na katika kipindi hicho huongeza mafuta kwa njia ya asili kabisa, ilhali wavulana huongeza zaidi misuli na mifupa. Kwa hiyo kila umri na kila jinsia ina mpaka wake, na namba ya BMI isiyoambatana na umri na jinsia haina maana yoyote kwa mwanafunzi.

Umri kwanza, kabla ya mizani

Watu wengi huuliza umri kama jambo la kujaza fomu tu, kisha wakaweka nguvu zote kwenye mizani. Mimi ningeanza na umri, kwa sababu kosa lake halionekani kwa macho. Chukua mvulana mwenye BMI ya 21.0. Akiwa na miaka 13 kamili, amevuka mpaka wa uzito uliozidi wa WHO, ambao ni 20.8. Akiwa na miaka 14 kamili, mpaka ni 21.8, naye yumo katika uzito wa kawaida. Mwili ni uleule, na kilichombadilishia kundi ni mwaka mmoja ulioandikwa vibaya.

Andika tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya kupima, wala usiandike «miaka 13» peke yake. Chanzo bora ni cheti cha kuzaliwa. Kikikosekana, kadi ya kliniki ya mtoto hufaa sana kwa kuwa ilijazwa wakati mtoto akiwa mchanga. Rejesta ya shule itumike mwisho, maana tarehe zilizomo mara nyingine zilikadiriwa siku ya kuandikishwa, na tarehe 1 Januari ikijirudia kwa wanafunzi wengi wa darasa moja, hiyo ni dalili ya kukadiria. Katika fomu, weka sehemu ya kuonyesha tarehe ilitoka wapi. Umri uhesabiwe kwa miezi iliyotimia, kwa sababu majedwali ya WHO yamepangwa kwa miezi, kuanzia miezi 61 hadi 228.

Urefu ndio unaoharibu hesabu

Kwa kuwa urefu unazidishwa kwa wenyewe, kosa lake huingia katika hesabu mara mbili. Mfano ufuatao unastahili kufuatwa hatua kwa hatua. Msichana ana miaka 13 kamili, uzito wa kilo 51.4 na urefu wa sentimita 152. Mita 1.52 mara 1.52 ni 2.3104, kilo 51.4 zikigawanywa kwa 2.3104 tunapata 22.2. Kwa WHO, mpaka wa uzito uliozidi kwa msichana wa umri huo ni 21.8 na mpaka wa unene uliokithiri ni 26.2, kwa hiyo ana uzito uliozidi. Sasa mpimaji akiongeza sentimita 2 bila kujua, urefu ukaandikwa 154, BMI inashuka hadi 21.7 na msichana anahesabiwa kuwa wa kawaida. Sentimita 2 ndicho kimo cha mabutu ya nywele ambayo mpimaji hakuyabana, au cha soli ya kiatu ambacho hakikuvuliwa.

Tumia ubao wa kupimia urefu uliotengenezwa kwa kazi hiyo, wenye kipande cha kichwani kinachoteleza na kubaki wima. Futi ya fundi cherehani iliyobandikwa ukutani hulegea, na ukuta wenye ukingo wa sementi chini humsukuma mtoto mbele. Sakafu ya darasa ikiwa na mashimo, tafuta sehemu nyingine au weka ubao mgumu ulionyooka, kisha hakikisha kwa pima maji kwamba haujainama.

Mwanafunzi avue viatu na soksi nene, aondoe kofia, vibanio na chochote kilicho juu ya kichwa. Kwa msichana anayevaa hijabu, mpimaji awe mwanamke na kuwe na pazia, ili kilemba kinene au fundo la nywele chini yake viweze kuondolewa kwa heshima. Nywele zilizosukwa zikasimama juu zibanwe kwa kipande cha kichwani hadi kiguse fuvu. Zisipobanika, andika hivyo kwenye fomu badala ya kukisia na kutoa. Visigino vikutane, miguu ifunguke kidogo mbele, magoti yanyooke. Visigino, makalio, mabega na kisogo viguse ubao. Kwa kijana mnene sehemu hizo zote haziwezi kugusa kwa pamoja, na kumlazimisha humfanya ajipinde. Inatosha kiwiliwili kiwe wima na sehemu inayoweza kugusa iguse.

Kichwa ndicho kinachosahaulika zaidi. Mstari unaotoka ukingo wa chini wa tundu la jicho hadi ukingo wa juu wa tundu la sikio uwe sambamba na sakafu. Mtoto anayejivunia urefu huinua kidevu, na kidevu kikiinuka utosi unashuka, hivyo kipimo kinapungua badala ya kuongezeka. Mshike kidevu taratibu, mwambie avute pumzi, shusha kipande cha kichwani, soma macho yako yakiwa usawa wa kipimo, na uandike hadi milimita. Kama mwanafunzi ni mrefu kukuzidi, panda kwenye stuli. Mtoe kwenye ubao, mrudishe, umpime tena. Vipimo viwili vikitofautiana kwa zaidi ya nusu sentimita, chukua cha tatu na utumie wastani wa viwili vinavyokaribiana.

Jambo la mwisho kuhusu urefu: binadamu hupungua kwa takriban sentimita 1 kati ya asubuhi na jioni, kwa sababu uti wa mgongo hujibana kwa kusimama na kukaa. Ukipima kidato cha kwanza saa 2 asubuhi na kidato cha tatu saa 9 alasiri, umeshaingiza tofauti ambayo haimo katika miili yao. Panga kupima makundi yote saa zinazolingana.

Uzito

Hapa kuna machache ya kusema. Mizani ya kidijitali inayosoma hadi gramu 100 inatosha, mradi ikae juu ya sakafu ngumu na si juu ya mkeka, zulia au mchanga. Kila asubuhi, na tena baada ya kila kundi kubwa, ipime kwa jiwe la mizani lenye uzito unaojulikana. Kwa Tanzania, mawe yaliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo ndiyo ya kutumainiwa. Mwanafunzi avue viatu, sweta na mkanda, atoe simu, funguo na sarafu mfukoni, na asimame katikati bila kushika kitu. Sare iliyobaki ina uzito wake. Njia ya haki ni kupima sare chache za ukubwa mbalimbali, kupata wastani, na kuamua mapema kama utautoa kwa wote au hutautoa kwa yeyote, kisha uuandike uamuzi huo kwenye taarifa.

Kabla ya kazi yenyewe, wapimaji wote wakae siku moja na kundi la wanafunzi wachache, kila mpimaji ampime kila mwanafunzi mara mbili bila kuona namba za kwanza. Tofauti kati ya vipimo viwili vya kila mwanafunzi izidishwe kwa yenyewe, majibu yote yajumlishwe, jumla igawanywe kwa idadi ya wanafunzi iliyozidishwa kwa mbili, kisha itafutwe kipeuo cha pili cha jibu hilo. Hicho ndicho kipimo cha makosa ya mpimaji. Ambaye makosa yake ya urefu yanakaribia sentimita 1 afundishwe upya. Mfano wa msichana wa kilo 51.4 unaonyesha kwa nini.

Mipaka mitatu, majibu matatu

Zipo rejea tatu, yaani majedwali ya kulinganishia, zinazotumika sana duniani, nazo hazikubaliani. Ya kwanza ni ya WHO ya mwaka 2007, ya miaka 5 hadi 19. Inatumia alama z, yaani umbali wa mtoto kutoka kwa mtoto wa kati wa umri na jinsia yake, unaohesabiwa kwa hatua za mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi watoto wanavyotofautiana. Aliye juu ya +1 ana uzito uliozidi, aliye juu ya +2 ana unene uliokithiri, aliye chini ya -2 amekonda, na aliye chini ya -3 amekonda mno. Mipaka hiyo ilichaguliwa kwa sababu katika miaka 19 +1 huangukia 25.4 kwa wavulana na 25.0 kwa wasichana, na +2 huangukia 29.7 kwa wote, karibu na mipaka ya watu wazima ya 25 na 30, hivyo kijana anavuka kuingia utu uzima bila kuruka kutoka kundi moja hadi jingine.

Ya pili ni ya kikosi cha kimataifa cha unene, IOTF, iliyotolewa mwaka 2000 kutokana na takwimu za Brazil, Uingereza, Hong Kong, Uholanzi, Singapore na Marekani, na kurekebishwa mwaka 2012. Hii huchora mistari inayopita kwenye 25 na 30 katika umri wa miaka 18. Ya tatu ni ya Marekani, ya kituo cha kudhibiti na kuzuia magonjwa, CDC, ya mwaka 2000, ambayo humpanga mtoto kwa pasentaili, yaani nafasi yake kati ya watoto mia wa umri na jinsia yake: kuanzia ya 85 hadi kabla ya 95 ni uzito uliozidi, na kuanzia ya 95 ni unene uliokithiri.

Yule msichana wetu mwenye 22.2 ana uzito uliozidi kwa WHO. Kwa IOTF, mpaka wa msichana wa miaka 13 ni 22.58, kwa hiyo ni wa kawaida. Hakuna aliyekosea kupima. Kwa mvulana wa miaka 13 pengo ni kubwa zaidi, 20.8 kwa WHO dhidi ya 21.91 kwa IOTF. Ndiyo maana taarifa inayosema asilimia fulani ya wanafunzi wana uzito uliozidi, bila kutaja rejea, haiwezi kulinganishwa na taarifa nyingine yoyote, na ndiyo maana tunaposikia kwamba unene umeongezeka katika mji fulani ni lazima tuulize kwanza kama rejea haikubadilishwa kati ya upimaji wa kwanza na wa pili.

Hakuna hata moja kati ya rejea hizi iliyotokana na watoto wa Afrika Mashariki. Ile ya WHO ya 2007 ilijengwa upya kutoka takwimu za Marekani za mwaka 1977 na kuunganishwa na viwango vya watoto wa chini ya miaka 5 vya mwaka 2006. Pamoja na hayo, kwa shule zetu naichagua hiyo. Kliniki za watoto zinatumia viwango vya WHO, kwa hiyo mtoto anaendelea katika mstari mmoja kutoka kliniki hadi sekondari, na mipaka yake ya chini humkamata pia aliyekonda, ambaye katika madarasa mengi yetu huketi dawati moja na mwenye uzito uliozidi. Anayeweza kufanya hesabu mara mbili atoe majibu ya WHO na ya IOTF pamoja.

Wauguzi waliozoea kliniki ya watoto wachanga wawe waangalifu sana hapa. Kwa mtoto wa chini ya miaka 5, uzito uliozidi huanza juu ya +2 na unene uliokithiri juu ya +3. Kuhamishia mipaka hiyo kwa wanafunzi kutawaacha nje wengi wanaostahili kuonekana. Vilevile, jedwali la WHO la uzito kwa umri linaishia miaka 10, na halifai kwa balehe.

Alama z haipatikani kwa kutoa na kugawanya tu, kwa sababu upande wa unene umetanuka kuliko upande wa wembamba. Kwa mvulana wa miaka 13, mtoto wa kati ana 18.2, hatua mbili chini ni 14.9, pungufu ya 3.3, lakini hatua mbili juu ni 24.8, zaidi ya 6.6. Tumia programu ya bure ya WHO iitwayo AnthroPlus, au majedwali yaliyokwisha kuhesabiwa ya kila mwezi wa umri.

Pale BMI inapodanganya

BMI haitofautishi mafuta na misuli. Kijana anayecheza mpira na kubeba mizigo anaweza kuvuka +1 bila kuwa na mafuta ya ziada. Lakini katika shule zetu naona hatari kubwa zaidi iko upande wa pili: mtoto mwenye mafuta mengi ambaye BMI haimwoni. Utafiti uliofanywa katika nchi nane za Afrika, Kenya na Tanzania zikiwamo, kwa watoto wa miaka 8 hadi 11, ulipima mafuta kwa kuwanywesha maji yenye deuteri (haidrojeni nzito) na kukuta kwamba mipaka ya BMI iliwaacha wengi wa waliokuwa na mafuta yaliyozidi. Mwezi Januari 2025, jopo la wataalamu lililokutanishwa na jarida la Lancet Diabetes & Endocrinology lilipendekeza kwamba unene uliokithiri uthibitishwe kwa kipimo kingine cha mwili pamoja na BMI, na kutenganisha unene ambao umeshaanza kudhuru viungo na ule ambao bado.

Kipimo cha pili kinachowezekana shuleni ni kiuno. Tafuta kwa vidole ukingo wa ubavu wa mwisho na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, weka alama katikati yake, zungusha utepe usiovutika ukiwa sambamba na sakafu, na usome mwanafunzi akimaliza kutoa pumzi ya kawaida. Gawanya kiuno kwa urefu. Mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya afya, unahesabu 0.5 na kuendelea kuwa ni mafuta ya tumbo yaliyozidi, na 0.6 na kuendelea kuwa hatari kubwa, kwa watoto wa miaka 5 na zaidi wa jinsia zote. Msichana wetu wa sentimita 152 akiwa na kiuno cha 66, uwiano ni 0.43, na maelezo yake yanakuwa tofauti na ya mwenzake mwenye BMI ileile na kiuno cha 80. Kalipa, yaani koleo za kupima unene wa mkunjo wa ngozi, nazo hufaa, lakini zinadai mafunzo marefu, na mpimaji asiyezizoea ataongeza makosa kuliko taarifa.

Chumba, sauti na barua

Pata ridhaa ya mzazi na ukubali wa mwanafunzi mwenyewe. Kwa utafiti, pata vibali vinavyotakiwa, kama cha taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, NIMR, kwa Tanzania, au cha tume ya taifa ya sayansi, NACOSTI, kwa Kenya. Pima mmojammoja nyuma ya pazia, wengine wakingoja nje. Namba isitamkwe kwa sauti. Msaidizi asome mwenyewe na kuandika. Mwanafunzi wa miaka 14 aliyesikia kilo zake zikitajwa mbele ya darasa anaweza kuacha kula mchana kwa wiki nzima, na hakuna takwimu inayostahili gharama hiyo.

Jioni ya siku hiyohiyo, kagua fomu. Tarakimu za mwisho za urefu zinapaswa kuenea kutoka 0 hadi 9. Zikirundikana kwenye 0 na 5, wapimaji wamekuwa wakikadiria. Rekodi yenye alama z ya BMI chini ya -5 au juu ya +5 irudiwe kwa kumpima mwanafunzi tena akiwa bado shuleni. Katika taarifa, sema wazi kama kundi la uzito uliozidi linajumuisha wenye unene uliokithiri au la, kwa maana kutolisema huko kumewafanya wasomaji wengi kujumlisha watu walewale mara mbili.

Matokeo ya mtoto yapelekwe kwa mzazi katika barua iliyofungwa, yakieleza kipimo, rejea, na hatua inayofuata, bila maneno kama «mnene sana». Aliye juu ya +2 apelekwe kituo cha afya apimwe shinikizo la damu na sukari. Aliye kati ya +1 na +2 apimwe tena baada ya miezi 6 hadi 12, kwa ubao na mizani ileile, na kinacholinganishwa kiwe alama z, wala si BMI yenyewe. Yule msichana akirudi na miaka 14 kamili akiwa na 22.6, BMI yake imepanda. Lakini mpaka wa umri huo ni 22.7, na mzazi anapaswa kuambiwa kwamba binti amerudi katika uzito wa kawaida.